Jina Hili Linauzwa

Tarehe 3 Februari

Bi Stempu,

Shikamoo.

Hunijui, nami sikujui ila kwa ukurasa wako wa zamani. Kabla sijaandika neno jingine, nimejiapia kwamba nitakueleza yote bila kuficha kitu, hata lile litakalonifanya nionekane vibaya. Mwalimu wetu husema barua ya kuomba radhi ikiwa na tundu, radhi yenyewe hupita humo humo ikaanguka.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ninaishi na mjomba, kaka yake mama, kwa sababu mama anauguza wagonjwa katika mji wa mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka. Mjomba alikuwa fundi kompyuta wa ofisi moja, ofisi ikafungwa. Sasa anafanya kazi hapa nyumbani, chumba cha mbele, penye meza moja, kompyuta mbili, na feni ambayo lazima uipige kofi ndipo izunguke.

Kazi yake ni hii. Kila jina la tovuti hulipiwa kwa mwaka. Asiyelipia huongezewa siku kama sabini. Zikipita, jina huachiwa, na anayewahi hulichukua kwa bei ndogo. Mjomba huwahi. Kila asubuhi hupata orodha ya majina yaliyoachiwa, huchagua moja au mawili, kisha huyaweka sokoni kwa bei kubwa, akingoja mtu atakayeyahitaji. Katika majina kumi, tisa hukaa mpaka naye anayaacha. La kumi ndilo linalolipa kodi ya nyumba.

Hachukui jina la mtu, wala la shule, wala la hospitali. Nimemwona kwa macho yangu akiyaruka majina ya namna hiyo ambayo yangemlipa vizuri. Lakini jina lako halikuwa la mtu. Lilikuwa neno tu: mwenyewe. Na mjomba husema neno lililomo kwenye kamusi halina baba.

Basi ndiye aliyelichukua, tarehe kumi na tisa Desemba.

Wiki iliyopita uliingia ujumbe kwenye fomu ya mauzo: “Bi Stempu, umehama? Barua ya baba yangu bado ipo?” Nikashangaa. Nikatafuta nakala ya zamani ya ukurasa, nikaipata. Nikasoma juu kabisa: “MWENYEWE. Barua hizi zilikosa wenyewe. Tafuta jina lako.” Kisha orodha, jina na mwaka, jina na mwaka, majina mia tatu na kumi na sita. Niliyasoma yote nikiwa nimesimama. Chini kabisa palikuwa na sanduku lako la posta, ndiyo maana barua hii imekufikia.

Naona aibu, Bibi. Mjomba hajui kwamba nimekuandikia. Naomba uniambie ni nini kimeharibika, ili nijue pa kuanzia.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi


Tarehe 12 Februari

Mwanafunzi,

Marahaba. Barua yako imefika na stempu imesimama wima kwenye kona ya kulia. Siku hizi watu hubandika stempu kama plasta juu ya kidonda. Aliyekufundisha alikufundisha.

Umeuliza nini kimeharibika. Nikae vizuri nikusimulie. Nilikuwa karani wa kaunta miaka thelathini na moja. Posta yetu ndogo ilipofungwa, palikuwa na magunia mawili ya barua ambazo hazikumpata mtu: kahama, haonekani, hajulikani. Nikaambiwa nizichome. Nikamwandikia mkubwa wetu kumwuliza kama naweza kuzitunza, akanijibu kwa mstari mmoja: “Fanya utakavyo, mradi zisionekane ofisini.” Nikazileta nyumbani kwa mkokoteni. Binti wa jirani akanitengenezea ule ukurasa kabla hajaolewa mbali, nikaanza kuorodhesha majina yaliyo juu ya bahasha. Sikufungua hata moja. Kwa miaka tisa nimewapa watu mia mbili na nane barua zao.

Sasa utauliza kwa nini sikulipia. Nilipata taarifa nne kwenye simu. Zote zilisema HARAKA na BONYEZA HAPA. Mimi nimeona wajane wakitapeliwa mbele ya kaunta yangu kwa neno haraka. Nikazifuta tatu. Ya nne ilikuwa na anwani ya kampuni chini yake, huko ng’ambo, basi nikafanya linalofanywa na mtu mwenye akili zake: nikaandika barua, nikatia hawala ya posta ndani, nikaituma kwa rejista. Ilirudi baada ya wiki tisa. Juu yake wamepiga muhuri: anayeandikiwa hajulikani. Mimi, mwenye magunia ya barua zilizokosa wenyewe, barua yangu nayo imekosa mwenyewe! Cheka, nimekuruhusu. Mimi nilicheka kwanza, kulia kukafuata baadaye.

Neno si langu, mjomba wako yuko sawa. Lakini njia ya watu kuja kwangu ilikuwa yangu, na ndiyo iliyofungwa.

Nikuombe mambo mawili. La kwanza, ninakilie ujumbe wote ulioingia kwenye hiyo fomu yenu. La pili linanikosesha raha. Kuna fundi magodoro mmoja aliniandikia mwezi Novemba. Anasema jina lililo kwenye bahasha fulani ni lake. Stempu yake ni ya miaka thelathini na sita iliyopita, mwandiko wa kike, na nyuma pameandikwa tu: dada yako. Mimi nina kanuni ya kuuliza maswali mawili kabla ya kutoa barua, nikamwuliza: wakati ule barua zenu zilikuwa zikipitia kwa nani, na ndugu yako aliyeondoka alielekea wapi? Tangu hapo kimya. Namba yake sina, ukurasa ndio ulikuwa unatukutanisha. Nadhani amekufa, au amekata tamaa. Ukimwona katika ujumbe wenu, niambie.

Wewe mtoto una moyo mwema. Mjomba wako ana bahati, hata kama hajui.

Bi Stempu


Tarehe 20 Februari

Bi Stempu,

Shikamoo.

Nashukuru kwa barua. Nimenakili ujumbe ulioingia, kama ulivyoagiza, na nimeupa namba kwa mpangilio wa tarehe:

1. “Halo, hii ni ile tovuti ya barua?”
2. “Naulizia jina la marehemu bibi yangu. Nitarudi kesho.”
3. “Mbona bei? Zamani ilikuwa bure.”
4. “Matapeli wakubwa nyie.”
6. “Bi Stempu, umehama? Barua ya baba yangu bado ipo?”

Hiyo ndiyo yote.

Nimezungumza na mjomba. Nilisubiri amalize chai.

“Mjomba, lile jina lina mwenyewe.”

“Ndiyo. Mimi.”

“Yule wa kwanza. Ni bibi mmoja, anatunza barua za watu. Amenijibu.”

Akaweka kikombe chini. “Amekujibu? Kamusi, umemwandikia?” Huniita Kamusi. “Hujasikia wahenga? Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.”

“Tumrudishie, mjomba.”

“Nimemwibia? Mlango ulikuwa wazi siku sabini. Na kila mtu hutumiwa taarifa nne!”

“Hakuzielewa.”

“Kwa hiyo mimi ndiye nilipe ada ya kutoelewa kwake? Kuokota si kuiba, mwanangu.”

“Ukishamjua mwenyewe, si kuokota tena.”

Akaipiga feni kofi, ingawa ilikuwa inazunguka. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kuna kampuni ya mikopo ya simu inalitaka jina hilo. Wanataka kutangaza: “Jikopeshe Mwenyewe.” Nilimwambia mtu hawezi kujikopesha, anayekopesha na anayekopa ni watu wawili. Akacheka, akasema sarufi yangu haitalipa kodi. Lakini hakucheka sana.

Kuhusu yule fundi, sina la kukuambia.

Tafadhali usiniite mwenye moyo mwema.

Mwanafunzi


Tarehe 1 Machi

Mwanafunzi,

Nimepokea. Huyo wa nne mwenye matusi namjua kwa mtindo wake, ni mwalimu mstaafu, na barua yake ni ya kukumbushwa vitabu vya maktaba. Nitamtafuta.

Mjomba wako usimgombeze tena kwa ajili yangu. Mtu anayeruka jina la hospitali akiwa na kodi ya kulipa si mwizi. Na huo msemo wa kampuni umenichekesha nikiwa peke yangu jikoni. Jikopeshe mwenyewe, jidai mwenyewe, jikimbie mwenyewe!

Sasa hili. Mimi nilipokea mifuko ya barua kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na moja. Kila mfuko ulikuja na karatasi ya namba. Kazi ya kwanza kabla hata ya kuvua koti ni kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, sita.

Wa tano yuko wapi?

Labda amepotea njiani. Posta hupoteza vitu, sitakataa, nami nimekula mshahara wake. Lakini karatasi yako haina kovu la kufutwa mahali hapo. Aliyeandika namba sita alijua kwamba ya tano ipo. Mtu mwongo hasa angebadilisha sita ikawa tano, asingeshindwa. Wewe hukuweza. Kwa hiyo naandika nikiwa na matumaini.

Sikuulizi mara mbili.

Bi Stempu


Tarehe 9 Machi

Bi Stempu,

Shikamoo, ingawa sijui kama nastahili kuitikiwa.

Barua yangu ya kwanza ilianza kwa kiapo cha kueleza yote. Nilipokuwa nakiandika tayari nilikuwa najua ninachokificha. Nilidhani nikiapa kwa nguvu, hutatazama nyuma ya kiapo.

Nilisema mjomba ndiye aliyelichukua jina. Ndiyo, kidole kilikuwa chake. Lakini aliyelichagua ni mimi. Mjomba ananipa ile orodha kila asubuhi kabla sijavaa sare, kwa sababu nafanya vizuri katika lugha. Siku ile palikuwa na majina kama mia nne, mengi ni takataka. Nikaona mwenyewe. Nikamwambia: “Mjomba, chukua hili. Ni neno moja lenye maana mbili, mwenye mali na mtu peke yake bila msaada. Huandikwa kama linavyotamkwa, ukilisikia redioni huulizi herufi. Kila kampuni inataka mteja ajione mwenyewe.” Mjomba akaniangalia kama vile nimefaulu mtihani wa taifa. Akaninunulia viatu vya shule siku hiyo hiyo, kwa furaha tu.

Sikuuliza lilikuwa la nani. Ningeweza kuuliza. Ni kazi ya dakika moja, na nilipoifanya mwezi Januari ilinichukua dakika hiyo moja.

Maneno ya ukurasa wa mauzo pia ni yangu. Mjomba alikuwa ameandika “Domeini inapatikana kwa wahitaji.” Mimi nikafuta. Nikasema watu wa kawaida hawajui domeini, tuandike Kiswahili safi. Nikaandika kwa herufi kubwa: JINA HILI LINAUZWA. MWENYE NIA AJAZE FOMU HAPA CHINI. Niliona fahari. Sikujua kwamba ukurasa wako ulikuwa orodha ya majina, kwamba ulikuwa ukiwaambia watu “bonyeza jina lako.” Mtu aliyetoka huko akakuta maneno yangu, Bibi, angeelewa nini? Angeelewa kwamba jina lake ndilo linalouzwa.

Ujumbe wa tano ni wa tarehe kumi na moja Januari. Nimeunakili bila kubadilisha herufi:

“Naomba radhi nimechelewa kujibu, simu ilikuwa kwa fundi. Majibu yangu ni haya. Barua zetu zilipitia kwa mwenye kinu cha kusaga kwa kuwa mama alikuwa akimfulia nguo. Dada yangu hakutaja mji, alisema tu anakwenda mahali reli inapoishia. Mimi ni fundi magodoro. Naona sasa kuna malipo. Naomba kujua ni kiasi gani.”

Mjomba alikuwa nje. Fomu hizi huwa nazijibu mimi, maana nina maneno ya adabu. Na mjomba alishanifundisha kwamba wanunuzi wana hila, huja na hadithi za mama na dada ili bei ishuke. Nikasema moyoni, huyu naye kaanza na kinu. Nikamjibu hivi:

“Ndugu mteja, tunashukuru kwa nia yako. Jina hili lina thamani kubwa na wanaolihitaji ni wengi. Halitolewi kwa maelezo ya hali ya mtu, bali kwa malipo kamili. Ukikawia litachukuliwa na mwingine, nasi hatutakuwa na la kukusaidia.”

Kisha nikataja bei. Ni bei ya kiwanja cha kujenga nyumba.

Alijibu jioni ile kwa ujumbe wa simu, si kwa fomu:

“Nimesoma. Fedha hizo sina wala sitazipata. Kama ni jina langu tu mnaliuza, chukueni, nimelitumia miaka hamsini na halina kitu. Ila barua iliyo ndani, tafadhali msimpe mtu mwingine aisome.”

Nikacheka. Sitaki kuliandika hili lakini ndilo lililonizuia wiki tano. Nilidhani ni mzaha wa mnunuzi aliyeshindwa. Nilimsomea mjomba wakati wa chakula, nikiiga sauti ya mtu mnyonge, tukacheka wote wawili mpaka mjomba akapaliwa.

Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe wa sita, nikatafuta ukurasa wako, nikaliona jina lake katika orodha yako. Lile lile alilojaza kwenye fomu.

Jana nilimwambia mjomba. Nilimwekea ujumbe ule mbele yake. Aliusoma akakaa. Kisha akasema polepole: “Nilicheka na mimi.” Akaondoa tangazo la mauzo papo hapo, akaweka anwani yako ya posta na maneno kwamba barua bado zipo na ni bure. Yatakaa hapo mpaka kampuni ilipie. Nilimwuliza kama bado atawauzia. Alisema ndiyo. Alisema, “Kodi ni kodi, Kamusi, usinitazame hivyo.” Hakuipiga feni, hakufanya kitu chochote kwa mikono yake.

Namba ya simu ya fundi ninayo, na mtaa wake umo kwenye fomu. Ni mji huu huu wetu, dakika arobaini kwa miguu kutoka shuleni. Nimeviandika nyuma ya karatasi hii.

Sijaomba radhi. Sijui niombe kwa nani kwanza.

Mwanafunzi, ambaye pia ni aliyeandika “Ndugu mteja”


Tarehe 17 Machi

Kamusi,

Nimekuita kwa jina hilo kwa sababu sasa nakujua.

Barua yako nimeisoma mara moja. Nilikasirika, na sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Kilichonichoma si bei. Bei ni bei. Ni ule ufasaha. Mtu amekuja kuulizia barua ya dada yake, akajibiwa kwa sentensi nne ambazo hata mkubwa wetu wa posta asingeziweza, kila nukta mahali pake.

Lakini kuna jambo sikukuambia, nami sikuwa nimeapa, kwa hiyo huwezi kunishika. Kanuni ya maswali mawili niliitunga mimi. Hakuna aliyeniagiza. Yule fundi aliponiandikia mwezi Novemba alisema tu: “Jina hilo ni langu, naomba barua yangu.” Na jina lenyewe, wewe umeliona, nani mwingine duniani anaitwa hivyo? Ningemwomba anwani nikaituma siku hiyo, ingemfikia mwezi mzima kabla sijapoteza ukurasa. Nilimwuliza maswali kwa sababu nilipenda. Nilipenda mtu asimame tena mbele ya kaunta yangu, ameshika kofia, ananingoja. Ukistaafu hakuna anayekungoja.

Kwa hiyo nilimchelewesha mimi, ukamfukuza wewe. Majibu yake yote mawili ni sahihi. Bahasha imepitia kwa mwenye kinu, na muhuri wa stempu ni wa mji ambako reli inaishia.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine, ya zamani, imefungwa. Usiifungue, usiianike kwenye mwanga, usiiweke chini ya vitabu. Mpelekee kwa mkono. Ningeweza kuituma kwake moja kwa moja, anwani umenipa. Sitaki. Ameambiwa na mkono wako kwamba haitolewi, basi na itolewe na mkono huo.

Jina liache liende. Binti wa jirani, aliyekuja kuwasalimu wazazi wake, amenipatia jingine, refu na baya, na nimelipia miaka mitano huku yeye amenishikia simu.

Usije ukadhani nimekusamehe. Nimekutuma tu. Ni vitu viwili.

Bi Stempu


Tarehe 28 Machi

Bi Stempu,

Shikamoo.

Bahasha ilifika salama. Nililala nayo juu ya kabati, imelazwa kwenye sahani kavu, kwa sababu uliniambia nisiiweke chini ya vitabu nikaogopa hata kuiweka chini ya kitu chochote.

Jina limeuzwa juzi. Mjomba amelipa kodi ya miezi sita, na akanipa fedha za mitihani yangu ndani ya bahasha bila kusema zimetoka wapi. Nilizipokea. Nakuambia ili usisikie kwa mtu mwingine.

Leo Jumamosi nilikwenda. Nilimpigia fundi simu kwanza, nikasema: “Nina barua yako, Bi Stempu amenituma.” Akauliza, “Bei imeshuka?” Nikasema haina bei, haikuwahi kuwa na bei, lilikuwa kosa. Akasema, “Kosa la nani?” Nikasema nitakuja.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati. Vipande vya sponji vimepangwa mpaka darini, na sakafu imejaa chembe zake, za njano na za buluu, unatembea kama juu ya mkate. Ni mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Alikuwa anashona ukingo wa godoro kwa sindano ndefu kama mpini wa upawa. Aliponiona na sare alisema, “Posta sasa inaajiri watoto?”

“Hapana, baba. Mimi ni wa kutumwa tu.”

“Karibu, wa kutumwa. Kaa hapo, hilo godoro halijalipiwa, kwa hiyo bado ni langu.”

Nikampa. Hakuipokea mara moja. Alikwenda nje kunawa, nikasikia maji yanamwagika muda mrefu. Akarudi, akajifuta kwa shati lake, akaishika kwa kingo, kama picha ambayo haijakauka. Alisoma jina lake. Akasema, “Hii U ni yake. Alikuwa anaiandika kama bakuli.”

Dada yake alikuwa na miaka kumi na saba alipoondoka. Mama alikuwa amemkataza jambo fulani, hakuniambia ni lipi, akaenda bila kumuaga mama; habari za reli alimwambia fundi peke yake. Hawakusikia tena habari zake. Mama alifariki akiamini kwamba hakuwahi kuandika.

Nilidhani ataifungua. Akasema hapana. Ana mdogo wake, ambaye dada alimwacha mgongoni kwa mama, sasa ni dereva wa malori na atarudi tarehe kumi na moja Aprili. Watafungua pamoja. Kisha akanitazama.

“Wewe unasoma vizuri?”

“Wanasema.”

“Basi uje siku hiyo utusomee. Iliandikwa na msichana wa umri wako. Nikisoma mimi itasikika kama tangazo la magodoro.”

Nilitaka kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo, naapa, ingawa najua kiapo changu kwako hakina bei tena. Lakini yeye akaendelea, huku amerudi kwenye sindano yake:

“Unajua, yule aliyenijibu habari za bei sikumchukia. Alikuwa na Kiswahili kizuri mno. Nilimsoma mara tatu. Nikasema huyu ni mtu mzima, msomi, ana ofisi. Mtu wa namna hiyo akikuambia hustahili, unaamini.”

Nikaaga. Nilifika njiani ndipo nikaona nimebeba chembe za sponji kwenye sketi nzima.

Nimefikiri tangu saa nane mpaka sasa. Nikimwambia kabla sijasoma, huenda asitake sauti yangu iguse barua ya dada yake, na ana haki. Au atanisamehe haraka haraka ili tuendelee, mbele ya mdogo wake, na nitakuwa nimemharibia siku aliyoisubiri miaka thelathini na sita kwa kujitua mzigo wangu. Nikimwambia baada ya kusoma, nitakuwa nimekaa katikati yao, nimesikia kila neno la dada yake, wamenishukuru labda, wakidhani mimi ni mtu mwingine. Aliomba kitu kimoja tu katika ujumbe wake wa mwisho, kwamba asipewe mtu mwingine aisome.

Kutomwambia kabisa nimeshakukataa, usihangaike kunikataza.

Barua yako huchukua siku sita au saba kunifikia. Ukiandika siku utakayoipata hii, itawahi. Naomba unijibu kwa posta ya siku hiyo hiyo, hata kwa mstari mmoja: nimwambie kabla sijaifungua, au nikishamaliza kuisoma?

Kamusi